Trela la dola 24,900 linalogeuka 31,000: mahari, kilemba na mkaja wa yadi za Marekani

Assalaam aleikum jamaa, na habari za jioni kwa wote.

Nimeisoma mada ya kakangu wa Muyeye tangu jana usiku. Kwa aliyeingia sasa hivi, kisa ni hiki: mdogo wake yuko Ohio, ameona mtandaoni trela jipya la kulala watu wanne, lile la kuvutwa na pikapu, limeandikwa dola 24,900. Jumamosi kaenda yadi na furaha zake, karudi na karatasi yenye jumla ya dola 31,000 na ushee. Kaka anauliza mawili. Je, huu ni wizi au ndivyo biashara yao ilivyo? Na wakilinunua, walilete Malindi waliweke kiwanjani kwao Mayungu wakodishe wageni?

Waliotangulia kujibu wengi wamesema wizi mtupu, dogo akimbie. Mimi naona asikimbie, arudi, lakini arudi na kalamu. Nilikaa Columbus, Ohio, miaka 11, nikiendesha basi la shule. Mwaka 2019 nilinunua trela la namna hiyo hiyo, nikazungushwa vilivyo, na karatasi zake bado ninazo kwenye sanduku hapa Shela. Jana nimezitoa na kuzikuta panya wameonja pembe moja tu, namba zote ziko.

Hapa kwetu mtu akienda kuposa anatajiwa mahari. Mahari yenyewe huenda ikawa kidogo, tena watu wakasifu kwamba familia ile haina tamaa. Kisha wanakuja wazee na mengine: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko, na siku yenyewe bwana harusi ananukia udi, kafika mlangoni, anakuta shangazi wamefunga wanataka kifungua mlango. Ukijumlisha, mahari ndiyo ndogo kuliko yote. Yadi ya matrela Marekani ni hivyo hivyo. Bei ya tangazo ni mahari. Tofauti ni kwamba kwetu mjomba wako anakukalisha mapema akakuhesabia kilemba na mkaja kabla hujatoka nyumbani, na kule mjomba huna.

Basi leo mimi ni mjomba.

Anza na kibandiko. Trela jipya kwa kawaida lina karatasi yenye bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, utaona herufi MSRP. Bei hiyo kazi yake ni kukufanya uone umepunguziwa. Katika matrela, mnunuzi mzoefu huanzia 20 kwa mia chini ya kibandiko, na wengi hufika 25 hata 30. Langu lilikuwa na kibandiko cha dola 31,400 na tangazo la 22,995, yaani karibu 27 kwa mia chini. Nikamwambia mke wangu tumepata bei ya kutupa. Kumbe nilipata bei ya kawaida, na yale mengine yalikuwa yananisubiri ndani.

Jambo la kukupa nguvu ni hili: matrela mengi ya Marekani yanatoka sehemu moja, mji wa Elkhart jimbo la Indiana na vitongoji vyake, na majina mengi ubavuni ni ya wenyewe wale wale. Jayco na Keystone, kwa mfano, zote mbili ni mali ya kampuni ya Thor. Forest River nayo ina majina yake chungu nzima. Kwa hiyo yadi moja ikikubania, trela lile lile, au ndugu yake baba mmoja mama mmoja, limesimama yadi nyingine saa mbili mbele. Dogo asipende trela mpaka muuzaji akajua kwamba amelipenda. Mimi watoto walipanda kitanda cha juu wakakataa kushuka, muuzaji akacheka, na kicheko kile naamini kilinigharimu.

Karatasi niliyopewa Julai ile ilisomeka hivi. Trela 22,995. Usafiri kutoka kiwandani 1,400. Matayarisho 995. Makaratasi 250. Kifurushi cha kuanzia 495. Kinga ya rangi na vitambaa 899. Hapo imefika 27,034. Kodi ya mauzo ya kaunti yangu, Franklin, wakati ule ilikuwa 7.5 kwa mia, dola 2,027. Jumla 29,061, na hati ya umiliki na kibao cha namba vikiwa bado. Dola elfu sita juu ya tangazo. Kwa shilingi za leo hiyo inakaribia laki nane, mtu hapa ananunua pikipiki tatu na chenji ya kiberiti.

Sasa tuziangue moja moja, maana haziko sawa.

Usafiri ni kitu cha kweli. Kuna mtu na pikapu yake alilivuta kutoka Elkhart hadi Columbus, saa nne barabarani, na alilipwa. Lakini fikiria: wakati yadi inaandika tangazo la 22,995, trela lilikuwa limeshafika uani kwao, picha wamelipigia uani kwao, na bendera yao inaonekana nyuma. Walijua limefikaje. Ukinunua samaki aina ya changu pale bandari ya samaki, mchuuzi hakutajii bei ya samaki halafu akakuongezea ya nauli ya mashua kwenda na kurudi. Mimi ada hii niliikataa yote, na mwishowe waliifuta yote. Wengine hufutiwa nusu. Swali la kuuliza ni jepesi: usafiri umo ndani ya bei uliyotangaza au haumo? Liulizwe kwa maandishi, kabla ya kutia mafuta kwenye gari.

Matayarisho nayo ni kazi ya kweli, tena ningependa ifanywe vizuri kuliko ifutwe. Fundi anatakiwa kujaza maji aone mabomba yanavuja wapi, kuwasha jokofu kwa umeme na kwa gesi, kupima gesi, kujaribu breki na taa, kupanda juu akague ile gundi ya pembeni mwa paa. Nilikubali kulipa 995 kwa sharti nisimame hapo siku ya kuchukua, kila kitu kiwashwe mbele yangu. Siku ilipofika, karatasi ya ukaguzi ina alama ya ndiyo kila mstari, na nilipofungua bomba la jikoni maji yakatiririka chini ya sinki mpaka kwenye soksi zangu. Hakuna aliyekuwa amelifungua bomba lile tangu lizaliwe. Wakalitengeneza pale pale, wakinitazama kama mimi ndiye niliyelitoboa. Nilikaa saa tatu na nusu siku ile. Mke wangu alikwenda kula na kurudi mara mbili. Msimamo wangu mpaka leo: usitie sahihi ya mwisho kabla ya ukaguzi huo, kwa sababu ukishatia na ukaondoka, kila kosa linakuwa foleni ya karakana, na foleni hizo wakati wa kiangazi zinakwenda wiki na wiki.

Makaratasi ndiyo ada inayochekesha. Kuchapa hati na kuzipeleka ofisi ya usajili. Majimbo mengine yameweka kikomo. California kwa mfano kikomo ni dola 85, Florida hakuna kikomo kabisa na mtu anaweza kukuandikia mamia. Mimi niliandikiwa 250. Nilijaribu kuibishia, wakasema kila mteja hulipa sawa na hawawezi kumfutia mmoja. Labda ni kweli. Ila yule asiyeweza kufuta 250 za makaratasi anaweza kupunguza 250 kwenye bei ya trela, mfuko ni huo huo.

Kifurushi cha kuanzia: betri, mpira wa maji safi, mpira wa maji machafu, dawa ya choo, mitungi ijazwe gesi. Hapa pana mtego mdogo. Viwanda vingi havitoi trela na betri, ni yadi inayoweka. Ukikikataa kifurushi chote kwa hasira, siku ya kuchukua unakuta trela halina betri na taa haziwaki. Mimi nilikataa kifurushi lakini nikaandikisha kwamba betri imo kwenye bei na mitungi itajazwa. Mipira nikanunua dukani kwa pesa kidogo.

Kinga ya rangi na vitambaa, 899. Hii ni chupa ya dawa na mtu mwenye kitambaa. Ifutwe, bila mjadala.

Na kodi ni ya serikali, haina ndugu. Ila angalia kitu kimoja ambacho mimi nilikigundua nyumbani usiku na kikokotoo: kodi ilipigwa juu ya ada zote, si juu ya trela pekee. Kila ada usiyoifuta unailipa, kisha unailipia kodi. Atatokea pia rafiki wa kumwambia dogo asajili kampuni jimbo la Montana, ambako hakuna kodi ya mauzo, trela liandikwe kwa jina la kampuni. Asithubutu. Mkaazi wa Ohio anayelitumia Ohio anadaiwa kodi Ohio, na mgeni mwenye karatasi za uhamiaji ofisini kwa watu hana haja ya kesi ya kodi juu yake.

Nimefika kwenye kiini, na hiki ndicho ambacho sisi watu wa pwani tunakipata kwa shida kukielewa.

Hapa Malindi mtu wa taslimu ni mfalme. Ukienda kununua mashine ya boti, ukitoa noti mezani, bei inainama yenyewe. Mimi nilikuwa nimeweka akiba miaka minne kwa sababu sitaki riba, na nilidhani nikisema "nalipa taslimu" muuzaji atanikumbatia. Nikasema. Tabasamu likaondoka usoni kama jua la maghribi. Akanieleza kwa adabu kwamba ile 22,995 ni bei ya mteja anayekopa kupitia kwao. Mteja wa taslimu ni dola 1,000 zaidi. Nilimwomba arudie, nikidhani Kiingereza changu kimenitoroka. Akarudia. Lilikuwa limeandikwa kwenye tangazo, chini kabisa, kwa herufi za mchwa.

Sababu yake ni hii. Yadi haikopeshi pesa zake. Inapeleka maombi yako benki, benki inajibu kwamba mtu huyu tunamkopesha kwa riba ya 7 kwa mia. Yadi inakuandikia 8, na ile moja ya juu, au sehemu yake kubwa, ni chumo lao. Tufanye hesabu. Ukikopa 25,000 kwa miaka 15, kwa 7 kwa mia unalipa kama dola 225 kwa mwezi, na mwisho wa miaka 15 umetoa kama dola 40,400. Kwa 8 kwa mia ni kama 239 kwa mwezi. Tofauti ni dola 14, wanakuambia ni kahawa mbili tu. Mwisho wa safari ni zaidi ya dola 2,500. Ndiyo maana muuzaji wa matrela kila ukimuuliza bei anakujibu kwa mwezi. Ukimuuliza 24,900 imekuwaje 31,000 anasema "lakini ni dola 280 tu kwa mwezi". Dogo akisikia neno "kwa mwezi" afunge masikio. Trela la miaka 15 ya deni lenyewe linaanza kuchoka mwaka wa saba.

Na kuna chumba cha ndani. Ukishapatana na muuzaji wa nje, mkapeana mikono, unapelekwa kwa mtu mwingine mwenye ofisi safi na peremende mezani. Unadhani unakwenda kutia sahihi. Kumbe ndiyo duka la pili. Huyu anauza dhamana ya miaka ya ziada, bima ya kulipa pengo la deni trela likiharibika, bima ya matairi, na anaviuza vyote kwa lugha ile ile ya kwa mwezi. Mimi nilitajiwa dhamana ya miaka mitano kwa dola 3,200. Nikasema hapana, ikawa 2,600. Hapana, ikawa 1,900. Kitu kinachoshuka dola 1,300 ndani ya dakika kumi, mwenye nacho ameshakueleza thamani yake bila kutaka. Dhamana ya kiwanda ya mwaka mmoja ilikuwepo, na jokofu na kiyoyozi vina dhamana za watengenezaji wake wenyewe.

Kuna mchangiaji hapo juu kauliza, kwa Mwislamu si afadhali akope tu apate punguzo, kisha alipe deni lote mwezi wa kwanza? Wako wanaofanya hivyo, na mikopo mingi inaruhusu kulipa mapema bila faini, japo ni lazima asome. Suala la dini sitoi fatwa, sina kilemba cha kazi hiyo. Mimi nilichofanya ni kuondoka. Nilisema asante, nikawachukua watoto wakilia, tukarudi nyumbani.

Nilirudi mwishoni mwa Oktoba. Ohio hiyo miti inapukutika, hakuna mtu anayefikiria kupiga kambi, na theluji iko njiani. Trela lile lile lilikuwa pale pale, na matrela ya toleo la 2020 yameshaanza kuingia uani yakilisukuma pembeni. Nilikuwa nimejifunza kitu katikati: yadi nyingi zenyewe hununua mali kwa mkopo. Kila mwezi trela linapolala uani linamla mwenye yadi riba. Yule yule aliyetaka kunilisha riba alikuwa analishwa yeye. Safari hii sikwenda kwa miguu kwanza, nilituma ujumbe kwa yadi tatu, swali moja tu: trela hili, nalipa taslimu, mimi ni mkaazi wa kaunti ya Franklin, nitajie jumla ya mwisho ninayotoa nayo getini, kodi na kila ada ndani, kila mstari uonekane. Yadi moja haikujibu. Ya pili ilinipigia simu mara nne ikinitaka nije tuongee, haikuandika namba hata moja. Hiyo nayo ni jibu. Ya tatu, ile ile yangu ya kwanza, iliandika.

Tulimaliza hivi: trela 22,995 kwa taslimu, makaratasi 250, matayarisho 995, betri na gesi ndani. Hiyo ni 24,240, na kodi 1,818, jumla 26,058. Dola 3,003 chini ya karatasi ya Julai, kwa trela lile lile, bila kupigizana kelele. Sikushinda kila kitu, ninyi mnaona hayo 995. Lakini nilijua ninacholipia.

Gharama ambayo haipo kwenye karatasi ya mtu yeyote ni ya kuvuta. Dogo ana pikapu au anatarajia kuvuta kwa kigari cha kawaida? Uzito unaobonyeza ndoano ya gari unatakiwa uwe kama 10 hadi 15 kwa mia ya uzito wa trela lililojaa. Atahitaji ndoano yenye vyuma vya kusawazisha uzito, na kifaa ndani ya gari cha kuendesha breki za trela. Yadi ilinitajia 850 kwa ndoano na kufunga, nikanunua kwingine na kufungiwa na jamaa wa Kisii mwenye karakana kwa karibu nusu yake. Asiangalie uzito mtupu wa trela, aangalie uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye bati ubavuni. Nimeona mtu kapinduka barabara kuu ya 71 kwa sababu ya kudharau namba hii, trela limelala kama ng'ombe wa Idd.

Akishatoa arubuni, aandikiwe kama inarudishwa na kwa sharti gani. Na akishatia sahihi yadini, zile hadithi za siku tatu za kurudisha mali hazimhusu. Sheria hiyo ya Marekani ni ya wachuuzi wa mlango kwa mlango na mfano wao, haimsaidii aliyekwenda mwenyewe dukani kununua gari.

Soko la sasa liko upande wake kidogo. Wakati wa korona kila Mmarekani alitaka kulala msituni. Mwaka 2021 viwanda vilipeleka yadi zaidi ya magari na matrela 600,000 ya namna hii, na mwaka 2023 vikashuka hadi 313,000 hivi. Mimi niliuza langu 2021 kwa 23,500 baada ya kulitumia karibu miaka miwili. Watu walinisifu kwa akili ya biashara. Ilikuwa korona, wallahi si mimi. Mwaka wa kawaida trela jipya linaanza kupoteza thamani siku unapotoka nalo getini, ndiyo maana dogo akipata la miaka mitatu minne kwa mtu binafsi, kavu, lisilovuja, nusu ya maneno yangu haya hayahitaji. Alipe mkaguzi wa kujitegemea alikague, dola mia chache, kuliko kununua harufu ya ukungu.

Swali la pili, Mayungu. Kaka, hapa nitakuvunja moyo kidogo.

Trela la futi nane au nane na nusu upana haliingii kwenye mlango wa kontena la kawaida, litakuja kwa meli ya kupakia magari, na meli hizo hutoza kwa ujazo. Trela ni sanduku la hewa. Utalipia hewa kutoka Baltimore hadi Mombasa. Likifika, ushuru haupigwi juu ya bei aliyolipa dogo peke yake. Unapigwa juu ya mali na nauli ya meli na bima, vikijumlishwa. Juu ya hapo VAT ya 16 kwa mia, inayohesabiwa pamoja na ushuru wenyewe, kisha ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli, kisha wakala wa forodha, gharama za bandari, na stoo ikiwa karatasi zimechelewa siku kadhaa. Yaani kilemba na mkaja upya, safari hii wa Kilindini. Wakala mwenye leseni anaweza kukupa makadirio kabla hujanunua. Omba ya wawili na ulinganishe mstari kwa mstari kama nilivyosema. Kisha kibao cha trela, vile vinavyoanza na Z.

Tuseme umelipa yote na umelivuta mpaka Malindi, madaraja ya Mtwapa na Kilifi yote umevuka salama. Umeme wake ni volti 120, wetu 240. Ukilichomeka tu, kiyoyozi na tanuri vinakwenda na maji. Inabidi transfoma kubwa. Mlango wake uko kulia, upande wa ukingo wa barabara kwao, kwetu unafungukia magari, japo kiwanjani hiyo si neno. La kuniumiza kichwa ni chumvi. Fremu ya chuma iliyopakwa rangi nyembamba Indiana, kuiweka mita mia mbili kutoka bahari ya Mayungu, kaskazi ikivuma miezi mitatu mfululizo, unajua mwenyewe mabati ya Mayungu yanavyokuwa. Kuta nyingi za matrela ya bei hii ni mbao nyembamba zilizogandishwa ndani ya plastiki ngumu. Masika moja gundi ya paa ikipata ufa, ukuta unakuwa uji.

Wazee wa Kitaliano pale Casuarina wanaojua mambo ya roulotte zao, yaani matrela ya kulala, nimewauliza nilipotaka kufanya wazo hili hili mwaka 2022. Mmoja alinionyesha lake, la zamani, limeezekwa makuti juu yake kama nyumba na limesimama juu ya matofali. Likaniingia akilini kwamba amejenga nyumba kuilinda nyumba. Mimi nikajenga vyumba viwili vya matumbawe na makuti, fundi wa Gede, na wageni hawajawahi kuniuliza trela liko wapi.

Kwa hiyo trela dogo anunue kama analitaka yeye, kwa ajili ya likizo zake na wanawe kule. Karatasi yake ya 31,000 mwambie aipige picha, afute jina, anwani na namba zote zake, uibandike hapa hapa tuisome mstari kwa mstari. Naomba hasa nione kama kuna neno "usafiri" na kama ile bei ya 24,900 ina sharti la kukopa chini kabisa. Aitumie kalenda pia: kama hana haraka, Julai hii aangalie tu, asishike kalamu.